Kwa nini mahakimu hufunzwa namna ya kumhoji mtoto

MTOTO wa miaka saba kutoka Witeithie akifikishwa mbele ya hakimu mjini Thika au Ruiru kueleza aliyotendewa nyumbani, huulizwa kwanza mambo yasiyohusiana na kisa chake: yu darasa la ngapi, huenda kanisani au msikitini, na je, anajua kusema uongo ni vibaya?

Wengi hudhani hakimu anamliwaza tu. La hasha. Sheria ya Viapo humtaka apime kama mtoto mdogo anafahamu maana ya kiapo; na asipofahamu, kama ana akili ya kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli. Mwaka 1983, katika rufaa ya Johnson Muiruri, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kuwa maswali na majibu hayo yanakiliwe kwenye rekodi.

Hapo ndipo kesi nyingi zilipoharibikia. Hakimu mwenye haraka aliandika tu kwamba mtoto ameelewa, na miaka baadaye mfungwa akakata rufaa na kuachiliwa. Katika kesi ya Maripett Loonkomok mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa ililegeza msimamo: kasoro hiyo pekee haifuti hukumu iwapo upo ushahidi mwingine wa kutosha.

Aidha, Sheria ya Ushahidi humruhusu hakimu kumtia mtu hatiani katika kesi ya dhuluma za kimapenzi kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi aridhike kuwa anasema kweli na aandike sababu. Ni mamlaka makubwa, na asiyefunzwa jinsi mtoto aliyeogofywa anavyozungumza aweza kumfunga asiye na hatia au kumrudisha mtoto kwa mkatili wake. Mafunzo ya mahakimu na majaji yana taasisi yake ndani ya Idara ya Mahakama tangu 2008.

Kesi za kutelekezwa ni ngumu zaidi, ingawa hazivumi. Katika mitaa ya vyumba vya kukodisha, mama aendaye kibarua alfajiri akimfungia mtoto ndani ametenda kosa. Lakini akifungwa jela, nani atamlisha mtoto huyo? Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inatanguliza maslahi ya mtoto, na mahakama yaweza kuagiza familia isimamiwe na afisa wa watoto. Kujua ni lini agizo hilo latosha, na ni lini mtoto aondolewe nyumbani siku hiyo hiyo, hakuandikwi katika kifungu chochote.