Tumbaku ina daraja, mlonge hauna

Mkulima wa tumbaku Tabora halipwi kwa uzito peke yake. Mteuzi hupanga jani kwa madaraja, daraja ndilo linaloamua bei, na sehemu kubwa ya daraja hilo hupatikana au hupotea ndani ya bani, banda la kukaushia. Siku za mwanzo joto huwekwa kwenye nyuzi 35 hadi 40, jani likigeuka njano polepole na wanga wake ukigeuka sukari. Moto ukiharakishwa, jani hufa na wanga wake, na rangi yake humsema mwenye bani mbele ya wote.

Sasa ulizia unga wa mlonge Chemchem, au kwingine kokote mjini Tabora. Utaambiwa unatibu magonjwa 300. Jinsi ulivyokaushwa hutaambiwa, wala bei haitakuonyesha.

Jani bichi la mlonge ukilitafuna huwasha ulimi, kama figili. Mwasho huo huzaliwa jani linapopondwa: kimeng'enya cha mairosinasi hukutana na glukosinolati na kuzigeuza isothiosaineti, viambata vinavyowavutia watafiti wa sukari ya damu na uvimbe, ingawa majaribio mengi bado ni ya maabara na ya wanyama. Jani likichemshwa kabla ya kusagwa, kimeng'enya kinakufa. Likikaushwa taratibu kwa joto dogo, sehemu ya kimeng'enya hubaki, na unga ukiloweshwa kazi huanza tena.

Jua kali nalo lina hesabu zake. Vitamini C hupotea upesi, na karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, huharibiwa na mwanga. Chuma na kalsiamu havipotei. Vinajikusanya, kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya jani bichi ni maji. Kwa hiyo muuzaji aliyeanika kwenye turubai, juani, anaweza kusifia madini ya unga wake bila kusema uongo. Akisifia vitamini, hapo tuna haki ya kumtilia shaka.

Kukausha kivulini kunataka vichanja, nafasi na siku zaidi. Anayegharamia hayo yote huuza kwa bei ileile ya jirani yake mwenye turubai, basi faida ya kujihangaisha iko wapi? Tumbaku ilipata nidhamu yake kwa sababu mnunuzi alikataa kulipia jani bovu. Mnunuzi wa mlonge hana mteuzi, na serikali nayo huuona unga huo kwa macho mawili: ukiuzwa kama chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), iliyokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, ukiuzwa kama dawa unaingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002.

Wauzaji wenyewe wanaweza kuanza kwa kuandika kwenye pakiti tarehe ya kuchuma na namna ya kukausha, na kuacha zile pakiti angavu zinazopigwa na mwanga dukani kutwa.