Kipimo cha Baruti

Wakulima wa Uvira na wa bonde la Ruzizi, mnamjua kiboko atokaye majini usiku kula mpunga. Kwa hiyo wazee walipenda gobori. Lakini bunduki isiyopewa kipimo chake humuumiza mwenyewe kabla ya mnyama.

Baruti ni za namna mbili. Ya zamani ni nyeusi, moshi wake mwingi. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia bunduki zenye mifereji, kwa ajili ya vita vya watumwa, yakaachia gumegume na baruti hii. Mwenye gobori huipima kwa kikombe kidogo, huishindilia kwa mdeki, kisha hutia marisaa.

Ya pili haina moshi mwingi. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884. Kwa uzito uleule nguvu yake ni kubwa zaidi. Mtu akivunja risasi ya kiwandani na kumwaga baruti yake katika gobori, kwa kikombe kilekile cha zamani, mtutu hupasuka, naye hupoteza vidole au macho. Msithubutu.

Basi, mwenye ruhusa ya serikali ya kujaza risasi atapata wapi kipimo cha kweli? Kwa waliotengeneza baruti ile. Hao huijaribu katika mtutu wa kupimia nguvu, kisha huandika jedwali: jina la baruti, uzito wa risasi, ganda, fataki, na kipimo. Kimoja kikibadilika, kipimo hicho si chako tena. Wenye ujuzi hulinganisha vitabu viwili, vipya, nao huanza na kipimo cha chini. Hupima kwa mizani, kwa grein. Grein 15 hazifiki gramu moja, kwa hiyo kijiko cha chai hakifai. Neno la jirani halifai vilevile, hata akiwa mwindaji hodari, maana bunduki yake si yako.

Tazameni na mtutu. Bunduki nyingi za Kongo zilitoka Liège, Ubelgiji, ambako mitutu ilianza kujaribiwa kwa sheria mwaka 1672. Herufi PV zaonyesha kwamba ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Mtutu wa Liège usio na herufi hizo usitiwe baruti hiyo. Ule wa mhunzi wa kijiji haukujaribiwa popote.

Na baruti ya kopo lisilo na jina? Usiikisie kwa rangi wala kwa umbo la chembe. Mbili zifananazo machoni zaweza kuwa na nguvu mbalimbali kabisa.