Kuacha Unga kwa Wiki Moja si Kupona

Swali linaloulizwa mara nyingi na familia zinazouguza waraibu wa heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ni kwa nini mtu aliyekwisha kuacha, akanawiri na kurudi kukaa na watu, hufa ghafla siku ya kwanza anapoirudia. Wapo wanaodai kwamba amewekewa sumu na wapo wanaodai kwamba amerogwa, ilhali mara nyingi kilichomwua ni kipimo kilekile alichokuwa akikitumia kila siku kabla ya kuacha.

Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, kemikali iliyomo katika afyuni, na kuanzia mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza kama dawa ya kikohozi. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta kwa urahisi kuliko mofini, huingia haraka katika ubongo, ambamo hugeuka tena kuwa mofini na kushikamana na vipokezi, yaani protini za seli za neva zinazopokea kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu. Vipokezi hivyo vimo pia katika shina la ubongo, penye seli zinazopanga mwendo wa pumzi na zinazohisi gesi ya kaboni dayoksaidi inapozidi katika damu. Heroini inapozilemea, gesi hujaa bila mwili kushtuka, pumzi huwa chache na za juujuu, kisha moyo husimama kwa kukosa oksijeni.

Seli hazikubali kulemewa hivyo kila siku bila kujibu. Baadhi ya vipokezi hupoteza wepesi wa kuitikia, vingine huvutwa ndani ya seli, na vimeng'enya ambavyo heroini huvizuia huongezeka ili kazi iendelee, hata mtumiaji akahitaji kipimo kikubwa zaidi kupata raha ileile. Hali hiyo huitwa ustahimilivu. Heroini inapokatika ghafla, nguvu ya ziada ya vimeng'enya hivyo hubaki bila kizuizi, seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayoushtua mwili, hufyatuka kupita kiasi, na hapo ndipo huanza arosto: miayo, machozi na kamasi, jasho, vipele vya baridi, kuhara, kutapika na maumivu ya mifupa. Dalili huanza saa 6 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho, hukolea siku ya pili au ya tatu, na nyingi hupungua ndani ya wiki moja. Ndani ya muda huohuo ustahimilivu nao huanza kushuka, lakini hamu ya unga, iliyojengeka katika njia za ubongo za raha na kumbukumbu, huweza kudumu miezi au miaka.

Kwa sababu hiyo waganga wanaojitangaza kwamba "wanasafisha damu" kwa siku saba wanawadanganya watu katika jambo la kufa na kupona. Heroini yenyewe hutoweka katika damu ndani ya dakika chache na mofini yake ndani ya siku chache, bila mizizi, bila kafara na bila minyororo; hakuna kinachosafishwa. Wanachokifanya ni kupokea fedha, kungoja arosto ipite yenyewe, kisha kumrudisha kijana mtaani akiwa na hamu yote lakini ustahimilivu wake umeshuka, hivyo kipimo chake cha zamani chaweza kumwua. Ni uongo vilevile kwamba kumdunga aliyezidisha unga maji ya chumvi au maziwa humzindua. Maziwa katika mshipa ni hatari nyingine juu ya ile ya kwanza.

Hoja kwamba methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, ni kubadilisha uraibu tu nayo haisimami. Methadoni hushika vipokezi vilevile polepole na kwa muda mrefu, hivyo kipimo kimoja kwa siku huzuia arosto bila ulevi, hulinda ustahimilivu na humwondolea mtumiaji haja ya sindano, ambayo ikishirikiwa hueneza virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya C, na ikiwa chafu huingiza bakteria hadi kwenye vali za moyo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014.

Aliyezidisha unga, asiyeamka na asiyepumua vizuri, apuliziwe pumzi mdomoni, akianza kupumua alazwe ubavu, na awahishwe hospitali. Dawa ya naloksoni huviondolea vipokezi heroini ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha mapema, kwa hiyo mgonjwa asiruhusiwe kuondoka mara anapozinduka. Methadoni katika kliniki za serikali hutolewa bure, ila kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na wengi hukatiza tiba kwa kukosa nauli. Familia yenye fedha ya kumpa mganga ingemwokoa mgonjwa wake kwa kumlipia nauli hiyo.