Rangi ya Zamani Ukutani na Afya ya Mtoto Uani

Nyumba nyingi hupakwa rangi upya kwa nje wakati sikukuu au harusi inapokaribia. Mwenye nyumba huwaza bei ya ndoo za rangi. Fundi huwaza ngazi na jua. Hatari kubwa kiafya, hata hivyo, haimo sana katika rangi mpya inayopakwa, bali katika ile ya zamani inayobanduliwa kabla brashi haijagusa ukuta. Msasa unapopita juu ya mlango wa chuma, grili za madirisha au nguzo za baraza zilizopakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita, hutoa vumbi laini ambalo huenda lina madini ya risasi. Vumbi hilo hutua uani, mahali ambapo watoto hucheza na kuku huchakura.

Risasi iliwekwa katika rangi kwa makusudi. Michanganyiko yake huipa rangi ya njano na nyekundu mng'ao, huharakisha ukaukaji wa rangi ya mafuta na huzuia kutu. Ndiyo maana huwa nyingi zaidi kwenye mbao na chuma kuliko kwenye kuta zilizopakwa rangi ya maji. Chokaa ya kupaka kuta si chanzo chake cha kawaida. Ubaya wa chokaa ni mwingine, kwamba ikirukia jicho huunguza vibaya, na jicho hilo lapaswa kuoshwa papo hapo kwa maji mengi safi kwa nusu saa hivi kabla ya mgonjwa kukimbizwa hospitali.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1904, J. Lockhart Gibson, daktari wa macho mjini Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto wa jimbo la Queensland waliokuwa wakiugua kwa sumu ya risasi waliipata katika rangi ya kuta za vyumba na ya vizuizi vya baraza zao. Jua kali liliigeuza rangi kuwa unga, unga ukanata kwenye vidole, na vidole vikaingia kinywani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulipokuja kuzuia rangi nyeupe ya risasi, ulilenga upakaji wa ndani ya majengo. Upande wa nje, ambako watoto wa Brisbane walikuwa wakishika, haukuguswa na katazo hilo. Siku hizi Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi kavu. Kikomo hicho kinahusu rangi inayouzwa sasa. Iliyokwisha kupakwa hubaki palepale ikisubiri msasa.

Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Risasi huzuia utengenezaji wa damu na kuvuruga ukuaji wa ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Hukaa katika damu kwa wiki kadhaa, lakini katika mifupa hukaa miongo. Mwanamke aliyeipata utotoni aweza kuitoa mifupani akiwa mjamzito, ikamfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo rangi ya zamani ambayo bado imeshika vizuri ni afadhali ipakwe juu bila kukwanguliwa. Inayobanduka iloweshwe kwanza kwa maji, kisha ikwanguliwe ikiwa ingali mbichi, juu ya turubai la nailoni lililotandikwa chini ya ukuta. Kusugua kwa mashine pasipo maji na kuchoma rangi kwa moto ni njia mbaya kupita zote, kwani ya kwanza hujaza hewa vumbi na ya pili huigeuza risasi kuwa mvuke. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Hutakiwa barakoa maalumu ya vumbi laini. Watoto na wajawazito waondoke hadi usafi ukamilike. Magamba yasichomwe wala kufukiwa bustanini, na kuku wafungiwe, maana risasi ya udongoni hupita hadi kwenye mayai. Fundi naye aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mwanawe; nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kwa mhudumu wa afya, ugumu ni kwamba dalili hufanana na za maradhi mengine. Mtoto mwenye upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, anayefunga choo na kulia tumbo, au aliyechelewa kusema, aulizwe swali ambalo ni nadra kuulizwa: je, nyumba yao au ya jirani imekwanguliwa rangi hivi karibuni? Baba hufanya kazi gani? Degedege na kupoteza fahamu ni dharura.

Uthibitisho ni kipimo cha risasi katika damu. Damu ya mshipa ndiyo ya kutegemewa, kwa kuwa kidole chenye vumbi huharibu jibu. Shirika la Afya Duniani linaagiza chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Dawa za kuitoa risasi mwilini hutumika kwa watoto wenye mikrogramu 45 au zaidi, chini ya uangalizi wa hospitali. Wenye kiwango cha chini ya hapo hutibiwa kwa kuondoa chanzo, kurekebisha lishe na kurudia kipimo. Mtoto aliyepewa dawa asiruhusiwe kurejea nyumbani kabla baraza na ua havijasafishwa kwa maji, kwani kiwango chake kitapanda tena.