Malalamiko ya mteja wa restora inaanza shambani



Kwenye miji mikubwa, mtu akitoka kula pizza anachukua simu na kuandika: ilikuwa ya moto, ilichelewa, jibini ilikuwa kidogo. Mwenye duka anasoma, anarekebisha. Kwetu huku pizza haiko. Ngano inapenda baridi ya milima, kwa hiyo unga wake unatufikia kutoka mbali na kwa bei ya mbali. Pizza ya mtaa wetu ni sahani ya wali na maharagi, ama bukari na sombe, kwa mama wa restora karibu na soko. Na mteja wetu haandiki kitu. Akichukizwa, anamaliza, analipa, anasema "aksanti mama", kesho anakwenda kwa mwingine. Mama anabaki anajiuliza ni nani amemuroga.

Mimi nimekula sana kwenye hizi restora, hapa Kasongo na kule Kabambare, na nimesikiliza maneno ya watu wa meza. Malalamiko yao karibu yote niliyakuta kwenye masomo yetu ya agronomi. Mama anapika vizuri, lakini anapika kitu ambacho kiliharibika mbele ya kufika kwake. Nieleze moja moja.

La kwanza ni mawe. "Mama, leo muchele iko na mawe." Mtu akiuma jiwe mara moja, atatafuna sahani nzima kwa woga. Lile jiwe halikuingia jikoni. Mpunga ulipigwa chini kwenye udongo, ukaanikwa kando ya barabara, ukazolewa kwa ufagio pamoja na changarawe. Mashine ya kukoboa haichagui jiwe, inalipitisha tu, tena jiwe linakula mashine yenyewe. Dawa yake ni shitingi: kupigia mpunga juu ya shitingi, kuanika juu ya shitingi. Jikoni mama anaweza kusaidia. Aweke mchele kwenye beseni la maji, auzungushe, aumimine polepole kwenye beseni la pili. Mchele unakwenda na maji, mawe yanabaki chini kwa sababu ni mazito. Arudie mara 2 ao 3.

La pili ni wali kuwa kama uji. Mteja anafikiri mama aliweka maji mingi. Mara nyingi tatizo ni punje zilizovunjika. Mpunga ukivunwa wakati mzuri, unakuwa na maji asilimia 20 hadi 25. Ukiachwa shambani muda mrefu, jua la mchana linakausha punje, umande wa usiku unailowesha tena, na punje inapasuka ndani bila kuonekana kwa macho. Kuanika haraka sana juu ya jua kali inaleta mambo yale yale. Punje iliyopasuka ikifika kwenye mashine inavunjika, na vipande vinatoa wanga ndani ya maji: njo ule uji. Tena mchele wa mavuno mapya unanata na haukunywi maji mingi, ule uliokaa miezi michache unavimba vizuri. Mama anayejua hivyo atapunguza maji wakati wa mavuno.

Mpunga unapaswa kukobolewa ukiwa na maji asilimia 13 ao 14. Hatuna chombo cha kupima? Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mpunga hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, ngoja robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mpunga ungali mbichi, rudisha juani. Ikianguka yote chini, uko tayari.

Faida yake tuihesabu. Kilo 100 za mpunga uliokauka vizuri, kwenye mashine nzuri, zinaweza kutoa karibu kilo 65 za mchele. Uliokauka vibaya, kwenye mashine ya zamani, unaweza kutoa kilo 55 tu. Tofauti ni kilo 10. Tukisema sahani moja inataka gramu 200 za mchele mkavu, zile kilo 10 ni sahani 50. Sahani 50 zimeliwa na kuku pamoja na pumba, na hakuna mteja hata mmoja aliyelipa.

La tatu ni harufu ya bukari. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, na kuuloweka siku 3 hadi 4 njo kunaitoa. Wakati bei imepanda na wanunuzi wanangoja, wengine wanautoa majini kwa siku moja. Hapo si mambo ya ladha tena. Kule Kwango, daktari Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, na watafiti waliofuata waliuhusisha na muhogo usiotayarishwa vizuri kwa watu wanaokula muhogo karibu peke yake. Kwa upande mwingine, muhogo uliolowekwa sawasawa lakini ukaanikwa polepole wakati wa mvua unaota ukungu na kunuka. Ukate vipande vidogo, uanike juu ya kichanja, mbali na udongo.

La ine ni mawese yanayokwaruza koo. Matunda ya ngazi yakikatwa, yakigongwa na kulala siku nyingi kwenye rundo, mafuta yanaanza kuchachuka ndani ya tunda lenyewe. Kuyachemsha baadaye hairudishi utamu. Mama anayenunua aulize swali moja: matunda yalikaa siku ngapi mbele ya kupikwa?

La tano halitoki shambani, lakini Maniema hatuwezi kulipita. Wali na lugha hii tunayosema vilikuja huku na wafanyabiashara wa pwani karne ya 19, wakati Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip, na Uislamu ulikuja nao. Hadi leo, kwenye meza moja wanakaa Mwislamu na Mkristo. Mwislamu anataka kujua nani alichinja, na kama chungu hiki kilipika nyama ya pori jana. Ni haki yake. Restora yenye chungu mbali, kijiko mbali, na mama anayejibu bila kukasirika, inashika wateja wa pande zote mbili. Huo ni utaratibu usiohitaji franka hata moja ya ziada zaidi ya bei ya chungu.

Sasa, kwa nini ninaandika haya yote? Kwa sababu mama akichoka na mawe na uji, anabadilisha: ananunua mchele wa gunia, uliotoka Asia kwa meli. Hauna mawe, punje ni ndefu, wateja wanarudi. Siwezi kumlaumu, ana watoto wa kusomesha. Lakini kila gunia lile linasukuma nje gunia la mkulima wa kwetu, kwenye teritware inayojulikana kwa mpunga. Na kule Salamabila, ambako dhahabu imekusanya watu wengi wanaokula nje kila siku, mwenye mchele safi ndiye atakayewalisha. Barabara mbaya zinapandisha bei ya kila kitu, tunajua. Basi ni uchungu zaidi kama mchele uliovuka bahari na matope yote yale unashinda ule uliolimwa hapa karibu.

Pendekezo langu ni dogo. Kila restora ichague wakulima wawili ao watatu inaowajua, iwaambie wazi: nitanunua kwenu, nitaongeza kidogo juu ya bei ya soko, lakini mpunga upigwe juu ya shitingi na upite mtihani wa chupa. Sisi tuliosoma agronomi tuwe katikati, tuonyeshe ile chupa na chumvi, haigharimu kitu. Na sisi wateja tuache kunyamaza. Ukikuta jiwe, mwambie mama kwa heshima, naye amwambie mkulima. Neno lisipofika shambani, jiwe litarudi kwenye sahani.

Wenye restora na wenye mashine za kukoboa muko humu ndani, ninawajua. Leteni mawazo yenu.