Je, Wajua? Mwigizaji wa London na Tembo Pole Pole

Je, wajua kwamba Virginia McKenna, mwigizaji aliyezaliwa London mwaka 1931, aliigiza Juliet wa tamthilia ya Romeo na Juliet kwenye televisheni ya BBC mwaka 1955, na mke wa Churchill, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, katika filamu ya televisheni ya 1974? Ila kilichogeuza maisha yake ni Kenya, alikoigiza Joy Adamson, mlezi wa simba Elsa, katika filamu ya Born Free (1966).

Baadaye yeye na mumewe, Bill Travers, waliigiza huko na mtoto wa tembo, Pole Pole, aliyekuwa apelekwe bustani ya wanyama ya London. Waliomba kumnunua. Wakaambiwa atakamatwa mwingine badala yake, wakaacha. Miaka mingi baadaye walimtembelea London. Walipomwita kwa jina, alisogea akanyoosha mkonga mpaka kwenye mikono yao. Baada ya miaka yote ile! Akafa mwaka 1983. Mwaka 1984 wakaanzisha shirika ambalo leo linaitwa Born Free.

Ndugu wa Fizi na Baraka, nasi tuna sokwe katika msitu wa Ngandja. Ukiletewa mtoto wa sokwe anayeuzwa, usimnunue: kama ilivyokuwa kwa Pole Pole, atakamatwa mwingine badala yake.