Mkweche au urithi? Jinsi gari la zamani linavyotafutiwa spea Kariakoo

Dar es Salaam. Gari limefikisha miaka 50, limesimama nyuma ya nyumba Ilala au Upanga, matairi yamekaa chini na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenye nalo ana njia mbili. Anaweza kumwita mnunuzi wa chuma chakavu, likapimwa kwa kilo na kuondoka siku hiyohiyo. Au anaweza kumwita fundi.

Ukichagua njia ya kwanza huwezi kurudi nyuma. Kila Land Rover 109, Peugeot 504, Datsun 1200 au Volkswagen Beetle inayokatwa kwa gesi inapunguza hesabu, maana hakuna nyingine inayokuja kuziba nafasi yake. Na zikikatwa, zinaondoka pia na spea ambazo zingeokoa nyingine.

Kwa nini haziongezeki

Sababu kubwa ni kodi. Gari la abiria lenye zaidi ya miaka 10 linapoingizwa nchini hutozwa ushuru wa uchakavu, ambao kwa viwango vya TRA vya miaka ya karibuni ni asilimia 30. Hapo bado kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Sheria haitofautishi sana mkweche wa kawaida na gari la kumbukumbu.

Majirani ni wakali zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15. Kwa hiyo mpenzi wa magari ya zamani Dar anategemea zaidi yale ambayo tayari yapo nchini: ya urithi wa baba, ya mashirika yaliyokufa, ya misheni na ya mashamba ya mkonge.

Ufundi uliozaliwa na shida

Uwezo wa mafundi wa Gerezani na Kariakoo kufufua chuma cha zamani haukuja kwa bahati. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Spea zikawa adimu kama sukari. Zilikuwa enzi ambazo magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta.

Fundi wa wakati ule hakuwa na pa kuagiza. Bushi ikiisha, aliichonga. Gasketi ikichanika, aliikata mwenyewe kwa mkono. Injini ya gari moja ilihamishiwa kwenye bodi ya jingine. Nafuu ilianza 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na ikaongezeka enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi. Baadaye yakafuata magari ya mtumba ya Japani, na maduka ya Kariakoo yakageukia Toyota, kwa sababu muuza duka huweka kinachotoka.

Ndiyo maana leo ukiulizia spea ya Peugeot 404 dukani, jibu la kwanza litakuwa "haipo".

Usitaje jina la gari, taja namba

Hapa ndipo wageni wanapokwama na wazoefu wanapopita. Spea nyingi ndani ya gari hazikutengenezwa kwa ajili ya gari hilo peke yake. Kiwanda cha gari kilizinunua kwa kampuni nyingine, na kampuni hizo zinatumia vipimo vya dunia nzima.

Mfano mzuri ni beringi. Beringi namba 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40 na unene milimita 12. Iwe imetoka kwenye jenereta ya gari, pikipiki au pampu ya maji, vipimo ni hivyohivyo. Ukisema "Boss, una beringi ya Land Rover ya mwaka 68?" utaambiwa haipo. Ukisema "Nipe 6203", anainyanyua kwenye rafu bila hata kukuuliza ni ya gari gani.

Mambo mengine yanayotafutwa kwa kipimo:

• Sili za oili: tundu la ndani, upana wa nje na unene.
• Mikanda: urefu na upana wake.
• Plagi: uzi wake, mara nyingi milimita 14, na urefu wa uzi huo.
• Mipira ya rejeta: upana wa mdomo na mkunjo wake.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kwenda na sampuli. Fungua kifaa kibovu, kisafishe hadi namba isomeke, kifunge kwenye mfuko na uende nacho. Kama namba imefutika, kipimwe kwa kalipa kabla ya kutoka gereji.

Kanuni ya pili inahusu winga. Hao ni vijana wanaosimama mtaani, wanakuuliza unatafuta nini, kisha wanakupeleka dukani na kujiwekea cha juu. Kwa spea ya kawaida wanaongeza gharama tu. Kwa spea ya gari la zamani mambo hubadilika: winga mzoefu anajua ni duka gani lina boksi la vumbi ambalo halijafunguliwa miaka 20. Cha msingi ni kukubaliana naye mapema, na asikushikie sampuli yako akapotea nayo.

Kisichopatikana huchongwa

Vitu kama bushi, pini, shafti ndogo na vishikizo vya injini vinaweza kutengenezwa upya na fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Silinda iliyolika hutanuliwa na kuwekewa pistoni za saizi kubwa kidogo, au huvalishwa slivu mpya. Kwa bodi, fundi mzuri wa kunyoosha anaweza kutengeneza kipande cha mlango kutoka kwenye bati tupu.

Lakini kuna mpaka. Vifaa vya breki na vya usukani havichongwi kwa kubahatisha. Raba ya breki iliyokatwa kienyeji inaweza kushika wiki nzima, kisha ikakukimbia ukiwa mteremkoni.

Kwa Dar es Salaam, adui mwingine ni hewa ya chumvi. Land Rover zilipoanza kutengenezwa 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Bodi hiyo haipati kutu ya kawaida, lakini chasisi yake ni ya chuma. Pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa taratibu na kuwa unga mweupe. Gari linaweza kung'aa juu huku chini limeoza. Kabla ya kununua, lala chini uigonge chasisi kwa nyundo ndogo. Sauti ikiwa ya bati laini badala ya chuma kigumu, ongeza gharama ya kuchomelea kwenye hesabu zako.

Mitego ya kiufundi

Magari ya zamani ya Uingereza yanatumia nati za vipimo vya inchi. Spana za milimita za gereji ya Toyota zinakula kona za nati.

Hatari zaidi ni umeme. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Beetle nyingi za zamani zina mfumo wa volti 6. Fundi umeme asiyejua hilo akifunga redio ya kisasa, inaweza kuungua au isifanye kazi.

Cha kuagiza, cha kutunza

Kwa bahati nzuri, baadhi ya magari haya bado yana spea mpya. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 na ya mwisho ilitoka Mexico mwaka 2003. Spea za Land Rover za zamani bado zinatengenezwa Uingereza. Toyota nayo ilitangaza mwaka 2021 kurudisha uzalishaji wa baadhi ya spea za Land Cruiser za mfululizo wa 40.

Kabla ya kuagiza chochote, angalia kadi ya gari. Namba ya chasisi na ya injini zifanane na zilizopo kwenye chuma. Magari mengi ya umri huu yamebadilishwa injini mara kadhaa bila kurekodiwa, na kadi ikiwa bado na jina la marehemu, mirathi imalizwe kwanza. Wapo waliotumia mamilioni kufufua gari, kisha ndugu wakajitokeza kulidai.

Hamu ya kuyatunza ipo. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yamehifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi, ikiwemo Rolls-Royce ya enzi za ukoloni ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia baadaye. Oktoba 2024, Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha lililolenga kuipita rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari 632. 

Kinachotia wasiwasi ni mikono. Kijana wa gereji leo anachomeka mashine ya kompyuta, inamwambia tatizo. Kabureta na platini hazina pa kuchomeka. Zinarekebishwa kwa sikio, kwa bisibisi na kwa uzoefu, na wengi wenye uzoefu huo sasa ni wazee. Mwenye gari la zamani anayepeleka kazi kwa mzee wa aina hiyo afanye jambo moja la ziada: aombe kijana mmoja wa gereji asimame pembeni aone, tena amlipe kwa siku hiyo.